Kukata na Kuweka Mahali Pake Picha za Mwanga Jukwaani: Somo la Hesabu na Fizikia kutoka Pwani ya Mtwara

Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga kilichopewa jina la Kenneth kiliipiga pwani ya kaskazini ya Msumbiji, katika jimbo la Cabo Delgado, baina ya miji ya Mocímboa da Praia na Pemba. Siku moja kabla yake kilikuwa kimepita karibu na kisiwa cha Ngazija katika Komoro. Watu wa Mtwara na Lindi walikwisha kutahadharishwa, kwani hakuna aliyeweza kusema kwa yakini kwamba kimbunga hakingegeuka kaskazini kidogo na kuuvuka mto Ruvuma. Wazee wa pwani hiyo walikuwa na sababu ya kuhofu: mwezi Aprili 1952 kimbunga kiliwahi kuupiga upande wa Lindi, na baada ya Kenneth, mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilifika kisiwani Mafia. Mambo haya hayatokei kila mwaka, lakini hutokea.

Tuseme sasa kwamba wanafunzi wa shule moja ya sekondari ya Mtwara wametunga mchezo wa kuigiza juu ya siku zile za mwaka 2019. Nyuma ya waigizaji wametundika kitambaa cheupe, nasi tutakiita kiwambo. Juu ya kiwambo wanataka kuonyesha, kwa projekta na kompyuta, ramani ya bahari kutoka Mtwara hadi Komoro, ili watazamaji waone kimbunga kilikotoka na kilikokwenda. Watazamaji wenyewe ni wazazi wao, na miongoni mwao wamo wavuvi wa Msimbati na Msanga Mkuu ambao maisha yao hutegemea kuijua bahari. Ramani hiyo basi si pambo la jukwaa. Ikisema uongo, uongo huo utarudi nyumbani pamoja na watazamaji.

Katika makala haya tutaeleza jinsi picha ya mwanga inavyokatwa, inavyokuzwa na inavyowekwa mahali pake, na jinsi hesabu za kidato cha pili na cha tatu zinavyotosha kuifanya kazi hiyo kwa uhakika.

Picha ndani ya kompyuta

Picha iliyohifadhiwa katika kompyuta ni jedwali la vijiraba vidogo mno vyenye rangi, kila kimoja kikiitwa pikseli. Picha yenye pikseli 1600 kwa upana na 1200 kwa kimo ina safu 1200 za kulala, na kila safu ina vijiraba 1600. Kila kijiraba kina anwani yake ya namba mbili: x, yaani idadi ya pikseli kutoka ukingo wa kushoto, na y, yaani idadi ya pikseli kutoka ukingo wa juu. Mwanafunzi atambue kwamba hapa y huongezeka kwa kwenda chini, kinyume cha grafu tuzichorazo darasani.

Ramani yetu tuichore hivi. Upana wake uanze longitudo ya nyuzi 40 mashariki na kuishia nyuzi 44. Kimo chake kianze latitudo ya nyuzi 10 kusini na kuishia nyuzi 13. Tukitoa pikseli 400 kwa kila nyuzi moja, tunapata picha ya pikseli 1600 kwa 1200. Karibu na ikweta nyuzi moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi, na katika sehemu hii nyuzi moja ya longitudo ni kilomita 109 hivi. Tofauti hiyo ni ndogo. Kwa somo letu tuchukue kilomita 110 pande zote mbili. Pikseli moja basi ni kilomita 0.275.

Sasa tuweke miji mitatu. Mtwara iko nyuzi 40 dakika 11 mashariki na nyuzi 10 dakika 16 kusini. Dakika 11 ni sehemu 11 kwa 60 ya nyuzi, na kwa hiyo x = 400 × 11/60 = 73. Vivyo hivyo y = 400 × 16/60 = 107. Mji wa Pemba wa Msumbiji, ambao usichanganywe na kisiwa cha Pemba cha kwetu, uko nyuzi 40 dakika 31 mashariki na nyuzi 12 dakika 58 kusini; hivyo x = 207 na y = 1187. Moroni, mji mkuu wa Komoro, uko nyuzi 43 dakika 15 mashariki na nyuzi 11 dakika 42 kusini; hivyo x = 1300 na y = 680.

Kwa kanuni ya Pythagoras, umbali wa Mtwara hadi Moroni katika picha ni kipeuo cha pili cha jumla ya 1227 × 1227 na 573 × 573, yaani pikseli 1354. Tukizidisha kwa 0.275 tunapata kilomita 372. Umbali wa Mtwara hadi Pemba ni pikseli 1088, yaani kilomita 299. Namba hizi mbili tuzikumbuke, kwa maana tutazirudia.

Kosa la kuivuta picha

Projekta nyingi za siku hizi hutoa mwanga wenye pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Uwiano wa upana kwa kimo ni 16 kwa 9. Ramani yetu ina uwiano wa 4 kwa 3. Mistatili hii miwili haifanani, na mwenye haraka hufanya jambo lionekanalo jepesi: huivuta picha mpaka ikijaze kiwambo chote.

Hebu tuhesabu gharama yake. Upana umezidishwa kwa 1920/1600, yaani 1.2. Kimo kimezidishwa kwa 1080/1200, yaani 0.9. Umbali wa Mtwara hadi Moroni, ambao kwa sehemu kubwa ni wa mashariki na magharibi, sasa ni pikseli 1560. Umbali wa Mtwara hadi Pemba, ambao ni wa kaskazini na kusini, umepungua ukawa pikseli 985.

Mzee mvuvi aliyeko mbele ya kiwambo anajua kwamba Pemba ni mbali kiasi cha kilomita 300 kwa mstari ulionyooka. Anapima kwa jicho, akilinganisha urefu mmoja na mwingine. Kwake, Moroni itakuwa mbali kiasi cha 300 × 1560/985, yaani kilomita 475. Ukweli ni kilomita 372. Picha imeusukuma mji wa Moroni, na kimbunga pamoja nao, mbali zaidi kwa kilomita 100 na ushei. Kama kimbunga kinakwenda kilomita 15 kwa saa, basi watazamaji wamepewa muda wa karibu saa 7 ambao haupo. Katika saa 7 mtu huweza kuamua kwenda kutega wavu kwanza.

Mwelekeo nao umeharibika. Katika picha ya asili, mstari wa Moroni hadi Mtwara umeinuka kwa pembe ya nyuzi 25 juu ya mstari wa magharibi. Katika picha iliyovutwa umeinuka nyuzi 19 tu. Mwanafunzi athibitishe mwenyewe kwa jedwali la tanjenti: 573/1227 na kisha 516/1472.

Kanuni ya kwanza basi ni hii: upana na kimo vizidishwe kwa namba moja, wala si kwa namba mbili mbalimbali. Namba hiyo tutaiita kizidisho, na kuiandika k.

Njia mbili zilizo halali

Njia ya kwanza ni kuitosheleza picha yote ndani ya kiwambo. Tunachagua kizidisho kilicho kidogo kati ya 1.2 na 0.9, yaani 0.9. Picha inakuwa 1440 kwa 1080, na pembeni yanabaki mapengo mawili ya giza yenye pikseli 240 kila moja. Hakuna kilichopotea.

Njia ya pili ni kukijaza kiwambo chote na kukata kinachozidi. Tunachagua kizidisho kilicho kikubwa, yaani 1.2. Picha inakuwa 1920 kwa 1440, na safu 360 za kulala hazina pa kukaa. Kama tukiliacha jambo hili kwa kompyuta, aghalabu itaiweka picha katikati na kukata safu 180 juu na safu 180 chini.

Je, Mtwara iko wapi sasa? Katika picha iliyokuzwa, y ya Mtwara ni 107 × 1.2 = 128. Lakini safu zote zilizo juu ya 180 zimekatwa. Mtwara imetoweka! Pemba nayo ina y ya 1424, ilhali mwisho wa kinachoonekana ni 1260. Nayo imetoweka. Watu wa Mtwara wangekaa ukumbini wakitazama bahari kubwa iliyo safi, pasipo mji wao wala mji wa jirani zao uliopigwa.

Tukiishusha picha yote kwa pikseli 180, Mtwara itarudi, lakini Pemba itazidi kuzama. Hapana namna ya kuipata miji yote miwili kwa kizidisho hiki, kwa sababu umbali wao wa kimo ni 1080 × 1.2, yaani pikseli 1296, nao ni mkubwa kuliko kimo cha kiwambo. Hesabu imetuamulia: kwa ramani hii njia ya kwanza ndiyo ifaayo, na mapengo ya giza ya pembeni yatumiwe kuandikia tarehe na saa, au waigizaji wasimame hapo pasipo kuiziba ramani.

Kuhesabu mahali

Pikseli yoyote ya picha yenye anwani x na y huangukia kiwambo mahali X na Y kwa milinganyo miwili:

X = kx + h
Y = ky + v

Hapa h ni pikseli ambazo picha imesogezwa kulia, na v ni pikseli ambazo imesogezwa chini. Katika njia ya kwanza k ni 0.9, h ni 240 na v ni 0. Mtwara basi iko X = 306 na Y = 96; Pemba iko X = 426 na Y = 1068; Moroni iko X = 1410 na Y = 612.

Programu za kuongoza maonyesho hufanya hesabu hizi hizi. Mojawapo iliyo mashuhuri, QLab, ilitoka mara ya kwanza mwaka 2006. Nyingine ni Isadora, iliyotungwa na Mark Coniglio. Katika programu za namna hiyo onyesho zima hupangwa kuwa orodha ya amri: amri ya kwanza huwasha ramani, ya pili huikuza, ya tatu huleta sauti ya upepo, na msimamizi hubonyeza kitufe kimoja kila zamu inapofika. Shule isiyokuwa nazo isikate tamaa. Hata programu ya slaidi itolewayo bure, kama LibreOffice Impress, ina amri ya kukata kingo za picha na ya kutaja mahali pake kwa namba.

Ila kuna mitego mitatu ambayo hapana budi kuijua.

Mtego wa kwanza ni mahali pa kuanzia kuhesabu. Baadhi ya programu huanzia katikati ya kiwambo na huhesabu y kwa kwenda juu, kama grafu za darasani. Katika hali hiyo tunatoa 960 katika X, na tunaitoa Y katika 540. Mtwara, iliyokuwa 306 na 96, inakuwa −654 na 444. Ni mahali pale pale, lakini anwani imebadilika.

Mtego wa pili ni utaratibu wa kazi. Kukata pikseli 100 za ukingo kabla ya kuzidisha kwa 0.9 ni kuondoa pikseli 90 za kiwambo. Kukata 100 baada ya kuzidisha ni kuondoa 100 kamili. Mwalimu aandike ubaoni ni lipi litangulie, na wote walifuate.

Mtego wa tatu ni kiini cha picha. Ukikata pikseli 200 upande wa kushoto peke yake, katikati ya kipande kilichobaki imesogea kulia kwa pikseli 100. Programu inayoshika picha kwa katikati yake huweza kuirudisha kushoto kwa kiasi hicho, na wewe ukadhani mashine imeharibika. Mashine ni nzima. Ni kiini kilichohama.

Kutoka pikseli hadi sentimita

Mwigizaji hajui pikseli. Anajua hatua na shubiri. Tuseme kiwambo kina upana wa mita 4. Kimo chake kitakuwa 4 × 9/16, yaani mita 2.25. Pikseli moja ni milimita 4000/1920, yaani 2.083 hivi. Mtwara basi itaonekana sentimita 64 kutoka ukingo wa kushoto na sentimita 20 kutoka juu. Mwanafunzi aigizaye mtabiri wa hali ya hewa huweza kutiwa alama ndogo ya chaki mahali hapo, akaelekeza fimbo yake pasipo kugeuka.

Tunaweza pia kupata skeli ya ramani ukutani. Sentimita moja ya kiwambo ni pikseli 4.8 za mwanga. Tukigawa kwa 0.9 ni pikseli 5.33 za picha. Tukizidisha kwa 0.275 ni kilomita 1.47. Kwa hiyo sentimita 1 ni karibu kilomita moja na nusu.

Lenzi na umbali

Ndani ya projekta mna kibao kidogo kinachounda picha, na mbele yake lenzi mbonyeo. Miale inayopita katikati ya lenzi haipindi, na kwa hiyo pembetatu ya ndani na pembetatu ya nje zinafanana. Ikiwa kibao kina upana wa milimita 14 na kiwambo kina upana wa milimita 4000, ukuzaji ni mara 286. Kiwambo kikiwa mita 6 kutoka lenzi, kibao kiko milimita 21 nyuma yake.

Kutokana na pembetatu hizo tunapata kanuni nyepesi: upana wa picha huongezeka sawia na umbali. Projekta ya mfano wetu hutoa upana wa mita 4 kwa umbali wa mita 6. Ikisogezwa hadi mita 12 itatoa upana wa mita 8. Lakini mwanga ni ule ule, umetandazwa juu ya eneo lililo mara nne, na kila sentimita ya mraba hupata robo tu ya mwanga wa kwanza. Ndiyo sababu picha kubwa mno katika ukumbi wenye madirisha huonekana kama imefifia.

Lenzi pia huigeuza picha juu chini na kushoto kulia. Jambo hili lilijulikana sana kwa watu wa taa za picha za zamani, ambazo zilitumia kioo kilichochorwa badala ya kompyuta. David Livingstone, aliyepanda mto Ruvuma mwaka 1861 na 1862 na kuanza safari yake ya mwisho kutoka Mikindani mwaka 1866, alikuwa na taa ya namna hiyo katika safari iliyotangulia. Mwaka 1854, katika mji wa mtawala wa Walunda karibu na mpaka wa leo wa Zambia na Angola, aliwaonyesha watu picha ya Ibrahimu akiwa ameinua kisu juu ya mwanawe. Aliposogeza kioo ndani ya taa ili aitoe picha, kisu kilionekana kuwaendea kina mama waliokuwa wakitazama, nao wakakimbia wakipiga kelele. Aliandika habari hiyo mwenyewe. Sisi tunajifunza mambo mawili: kioo kikisogezwa upande mmoja picha huenda upande wa pili, na kuihamisha picha ni tendo la jukwaani kama lilivyo tendo la mwigizaji. Kama ramani yako itasogezwa, isogezwe kwa sababu.

Kadi mbele ya lenzi

Wanafunzi wengi hudhani kwamba picha huweza kukatwa kwa kuziba nusu ya lenzi. Wafanye jaribio. Chukua taa ya tochi, karatasi angavu yenye mchoro, na lenzi ya miwani ya kusomea ya mzee. Panga vitu hivi mstari mmoja mpaka mchoro uonekane wazi juu ya shuka nyeupe. Sasa shika kadi nyeusi iguse lenzi na kuziba nusu yake. Picha haikatiki: mchoro wote unabaki, ila umefifia. Sababu ni kwamba kila nukta ya mchoro hupeleka miale kwenye lenzi nzima, na nusu iliyo wazi yatosha kuunda nukta zote.

Kisha iweke kadi ile karibu kabisa na karatasi yenye mchoro. Picha inakatika, na ukingo wake ni mkali kama wa kisu. Mwisho iweke kati ya lenzi na shuka. Picha inakatika, lakini ukingo una kivuli chenye ukungu, nao hukazika kadiri kadi inavyoikaribia shuka. Kukata kwa kompyuta ni sawa na kuweka kadi juu ya mchoro wenyewe. Ndiyo maana ukingo wake ni safi.

Projekta iliyoinamishwa

Katika kumbi nyingi projekta huwekwa juu ya benchi fupi na kuinuliwa pua. Mstatili hugeuka kuwa trapeza. Upana wa kila mstari wa kulala hutegemea umbali wake kutoka projekta, ukipimwa sambamba na mwelekeo wa lenzi. Ikiwa ukingo wa chini uko mita 6 na wa juu mita 6.6, basi chini kuna upana wa mita 4 na juu mita 4.4.

Hatari kubwa imejificha ndani. Mistari iliyonyooka hubaki imenyooka, lakini sehemu zilizokuwa sawa hazibaki sawa. Mstari wa katikati ya picha hauangukii katikati ya kimo. Katika mfano huu uko asilimia 47.6 ya kimo kutoka chini. Kwa picha yenye kimo cha mita 2.5 kosa ni sentimita 6, na kwa skeli yetu hizo ni kilomita 9 hivi. Milinganyo yetu ya X na Y haifai tena.

Projekta nyingi zina kitufe cha kuinyoosha trapeza, na programu za maonyesho huruhusu kuvuta pembe nne za picha moja moja. Zana hizi ni nzuri, lakini hunyoosha kwa kupunguza pikseli zitumikazo, na picha hupoteza ukali. Dawa iliyo bora ni meza: inua projekta mpaka ikielekee kiwambo sawasawa, ndipo utumie zana kwa kosa dogo lililobaki.

Ili kuhakiki, tengeneza picha ya vijiraba vya pikseli 120. Vitakuwa 16 kwa upana na 9 kwa kimo, na juu ya kiwambo cha mita 4 kila kimoja kitakuwa na sentimita 25 kamili. Pima kwa rula vijiraba vya pembe zote nne na kimoja cha katikati. Vikiwa sawa, ramani yako haitasema uongo.

Nini kikatwe?

Hesabu hutuambia jinsi ya kukata. Haituambii kila mara nini kikatwe. Chukua picha ya maingilio ya mto Ruvuma iliyopigwa kutoka angani. Mwanafunzi atapendelea kuikata kwenye mpaka, katikati ya maji, abakize ng'ambo ya kwetu. Kisheria hakukosea. Lakini mikoko, kamba na matope yaletwayo na mto havijui mpaka. Wamakonde wana ndugu kaskazini na kusini ya mto, na huvuka huku na huku. Mpaka wenyewe umepata kuhama: Wajerumani walikuwa wameishika Kionga, kusini ya mdomo wa mto, mpaka Wareno walipoitwaa mwaka 1916, na mwaka 1919 ikathibitishwa kuwa yao. Mstari ulihama katika ramani. Mto uliendelea kutiririka.

Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, inalinda upande wa Tanzania. Mwenye kuonyesha jinsi mikoko inavyoizuia nguvu ya mawimbi ya dhoruba anahitaji mdomo mzima wa mto, ng'ambo zote mbili. Akiikata ng'ambo moja, watazamaji hawataona nusu ya sababu. Na katika mchezo wetu wa kimbunga, kuikata Pemba ni kuwakata wale waliopigwa, na kuibakiza Mtwara iliyosalimika.

Ndugu walimu, somo hili halihitaji mtaala mpya. Uwiano, pembetatu zinazofanana, kanuni ya Pythagoras, tanjenti na lenzi vyote mnavifundisha tayari. Kinachohitajika ni kiwambo, na watu walioketi mbele yake wanaotaka kuelezwa ukweli.

Maswali kwa wanafunzi

1. Mocímboa da Praia iko nyuzi 40 dakika 21 mashariki na nyuzi 11 dakika 21 kusini. Tafuta x na y katika ramani yetu, kisha X na Y juu ya kiwambo kwa njia ya kwanza. Ni sentimita ngapi kutoka ukingo wa kushoto na wa juu?

2. Picha ya mikoko ina pikseli 3000 kwa 2000. Inatakiwa ikijaze kiwambo cha 1920 kwa 1080 bila kuvutwa. Tafuta kizidisho, na idadi ya safu za kiwambo zitakazozidi.

3. Pikseli 120 zimekatwa kushoto kabla ya picha kuzidishwa kwa 0.9. Ni pikseli ngapi za kiwambo zimeondoka?

4. Projekta ya mfano wetu imesogezwa kutoka mita 6 hadi mita 9. Tafuta upana mpya, na sehemu ya mwanga inayobaki kwa kila sentimita ya mraba.

Majibu: (1) x = 140, y = 540; X = 366, Y = 486; sentimita 76 na sentimita 101 hivi. (2) 0.64, safu 200. (3) 108. (4) Mita 6. Sehemu 4 kwa 9.